Eti sisi ndio "mizigo iliyozidi"! Bosi mpya wa shirika la ndege katutukana mchana kweupe

Wakuu, naandika mikono ikitetemeka, mkikuta herufi zimerukana someni hivyohivyo.

Jina la shirika silitaji. Jina la bosi silitaji. Shirika mnalijua, mtu mnamjua, na ile suti yake ya bluu mmeiona kwenye taarifa ya habari siku anakabidhiwa ofisi.

Leo katuita wote hangani. Ndege iliyolala humo imeng'olewa injini tangu enzi za bosi wa kabla ya bosi wa kabla ya huyu, ndiyo maana nafasi ya kupanga viti ilikuwepo. Tukaambiwa ni kikao cha kufahamiana. Sare zimepigwa pasi, wahudumu wa ndani ya ndege wamependeza, marubani na mistari yao mabegani, mafundi wamesugua grisi mpaka kucha zinang'aa. Moyoni kila mtu alikuwa na swali moja: mshahara. Maana wa mwezi uliopita tulipewa nusu, nusu nyingine "inashughulikiwa". Na makato ya SACCOS yanakatwa kwenye slipu kila mwezi bila kukosa, ila ukienda kuomba mkopo wa ada unaambiwa mwajiri wako hajaleta hela. Kwangu imetoka, kule haijafika. Angani haiwezi kuwa, ndege zenyewe haziruki.

Mezani kwake kulikuwa na sahani ya sambusa. Sisi maji, chupa moja watu wawili. Haya, si neno.

Mwenyekiti wetu wa chama akasimama. Mzee ana mvi kichwa kizima, kakaribia kustaafu. Akaongea kwa adabu zote, akauliza mkataba wa hali bora uliolala mezani utasainiwa lini. Bosi hakujibu. Akachukua sambusa. Akaing'ata. Akatafuna. Mamia ya watu wazima wenye familia tumekaa kimya tunamsikiliza mtu akitafuna! Alipomeza, akaichukua ileile iliyobaki, akatunyooshea nayo kuanzia safu ya mbele mpaka sisi wa nyuma kabisa, akasema: "Ndege haipai na mizigo iliyozidi. Na mizigo iliyozidi kwenye shirika hili ni ninyi."

MIZIGO. ILIYOZIDI.

Mimi ni wa kaunta, wakuu. Kupima mizigo ndiyo kazi yangu. Nimetukanwa na abiria wa kila kabila kwa ajili ya kilo mbili. Nimeona mama akifungua begi palepale kwenye foleni, akatoa maharage na kuyajaza kwenye mifuko ya koti la mumewe. Mzigo uliozidi naujua kwa macho, mzani ni wa ushahidi tu. Na siku bosi huyuhuyu anasafiri mara ya kwanza tangu aanze kazi, masanduku yake yalipita kwangu, mzani ukapiga kelele, meneja wa zamu akanikonyeza: "Andika 23." Kilo 23! Sanduku lililobebwa na vijana wawili wakipokezana!

Leo mzigo ni mimi.

Msiniombe takwimu, sina. Nina hasira. Alinyoosha SAMBUSA. Vitunguu vikadondoka kwenye zulia, na zulia lenyewe limeazimwa ukumbi wa VIP.

---

Mzee wa Kijiweni: Sambusa ya nyama au ya viazi? Uzi haujakamilika.

Binti Saida: Pole dada. Ila hiyo 23 uliandika kwa mkono wako mwenyewe. Shirika linakufa, na wewe unachimba kaburi huku ukilia.

Mleta mada: Binti Saida, wewe umewahi kukonyezwa na meneja wa zamu wakati mkataba wako unaisha mwisho wa mwezi? Tuache. Suala ni sambusa. Alitunyooshea.

Spana Kumi na Saba: Mimi fundi wa hukohuko, nilikaa safu ya tatu. Nathibitisha kila neno. Lakini mleta mada kaficha jambo: aliposema vile, wale wa idara ya masoko WALIPIGA MAKOFI. Wa masoko! Watu ambao kila akija bosi mpya kazi yao ni kubadilisha rangi ya mkia wa ndege na kitambaa cha shingoni cha wahudumu. Rangi ya mkia haijawahi kuwasha injini.

Na kwa faida ya wasiojua: ndege ikilala chini bado inakula hela. Kodi ya kukodisha inaenda, bima inaenda, maegesho yanaenda, na nyingi ya hizo ni dola. Mafuta dola, vipuri dola. Tiketi tunauza kwa shilingi. Tukikosa kipuri tunanyofoa kwenye ile iliyolala, kesho nayo haiamki tena. Halafu tatizo ni mzee mwenye mvi aliyeuliza mkataba.

Mleta mada: Asante kaka Spana. Makofi nilikuwa nimeyasahau kwa hasira. WALIPIGA MAKOFI. Na yeye akaitikia kwa kichwa, mdomo umejaa.

Wakili wa Mtaani: Punguzeni povu tuongee sheria. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayetaka kupunguza watu atoe taarifa, aeleze sababu, ashauriane na chama. Sambusa si mashauriano. Kiinua mgongo ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho miaka 10. Na mkitaka kugoma, mgogoro upite kwanza kwenye usuluhishi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), mpige kura, mtoe notisi ya saa 48. Wa kuongoza ndege mnarani ndio kwa kawaida hawaruhusiwi, ile ni huduma muhimu. Mkikurupuka asubuhi na mabango, mmemrahisishia kazi.

Nai_Flani: Siku saba kwa mwaka?? Hiyo ni pesa ya kufutwa kazi ama ni nauli? Huku Kenya ni siku 15 kwa kila mwaka, na notisi ya mwezi mzima kwa chama na kwa afisa wa leba. Nyinyi watu wa Bongo mnadhulumiwa mkisema "naomba".

Mtoto wa Ilala: Siku 15 zenu zimewasaidia nini? Marubani wenu wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022 wakidai michango ya mfuko wao wa uzeeni, abiria walilala uwanja wa ndege wa Nairobi, JKIA, kwenye sakafu, na baada ya siku chache korti ikawaambia rudini kazini. Wakarudi. Na nyie mkarudi kusifia siku 15.

Nai_Flani: Angalau ndege yetu haijazuiwa ugenini na mkulima anayewadai. 2019, Johannesburg, Airbus mpya kabisa ya Air Tanzania yenu. Ama umesahau?

Mtoto wa Ilala: Korti ya hukohuko iliiachia Septemba mwaka uleule. Na sisi hatukumpa KLM ya Uholanzi asilimia 26 ya hisa mwaka 1996 halafu 2017 madeni yakageuzwa hisa, mabenki wakawa wenye nyumba.

Nai_Flani: Hamkumpa KLM, mlimpa South African Airways asilimia 49 mwaka 2002, mkairudisha 2006 ikiwa hoi. Kisha 2024 sisi tukapata faida ya shilingi bilioni 5.4, ya kwanza baada ya zaidi ya miaka kumi. Mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali yenu (CAG) alisema nini kuhusu 2023/24? Nisaidie kusoma: hasara, bilioni 91.8.

Mtoto wa Ilala: Faida yenu ilikaa muda gani? Nusu ya kwanza ya 2025 hasara bilioni 12. Na shilingi yenu ni nzito kuliko yetu, piga hesabu vizuri.

Mleta mada: Jamani. Naona mmehamia kwa majirani. Uzi wangu ni wa BOSI na ile sambusa.

Kampala Kwetu: Na sisi mbona hamtutaji? Letu, Uganda Airlines, lilizikwa 2001, likafufuliwa 2019 na ndege mpya, halafu 2021 waziri akaisimamisha bodi pamoja na wakubwa wa menejimenti. Kwenye kubadilisha mabosi hamtufikii.

Mzee wa Kijiweni: Nyote watatu mlikuwa na shirika moja, East African Airways, na Super VC10 zake, London mnakwenda na nembo ya simba. 1977 mkagawana kama ndugu wanaogombania mirathi, huyu kachukua sufuria, yule mfuniko. Leo kila mtu anashangaa kwa nini hapiki. Na mleta mada hajanijibu: nyama au viazi?

Mleta mada: NYAMA! Ya nyama, mzee wangu. Harufu ilifika mpaka kwetu nyuma. Umeridhika?

Mzee wa Kijiweni: Sasa naelewa hasira yako. Ungepewa moja usingefungua uzi.

Binti Saida: 😂😂😂 Mzee kamaliza.

Spana Kumi na Saba: Chekeni tu. Jioni hii limebandikwa tangazo kwamba wanataka "walio tayari kuondoka kwa hiari" wajaze fomu. Fomu ina kurasa nne na mahali pa kuandika malipo utakayopata pako wazi.

Wakili wa Mtaani: USISAINI kitu chenye nafasi wazi. Mpigie mwenyekiti wa chama sasa hivi.

Spana Kumi na Saba: Mwenyekiti kazima simu. Nasikia kaitwa ofisini tangu saa nane.

Mwalimu wa Zamu: Poleni, ila nyie mnapata hata nusu mshahara na maji ya chupa. Sisi walimu tukiitwa kikao tunakwenda na viti vyetu. Kupandishwa madaraja kumekwama, likizo hailipwi, na mkuu mpya naye kaja na kauli yake: "Asiyeridhika aandike barua." Karatasi yenyewe tunanunua.

Nesi wa Usiku: Mwalimu nyamaza, wewe unalala nyumbani. Mimi nadai posho ya zamu za usiku tangu mwanangu hajaanza chekechea, sasa anajua kuisoma slipu yangu na kuniuliza ile posho iko wapi.

Mwalimu wa Zamu: Nani kamfundisha kusoma?

Abiria Sugu: Mnalilia ndege, wengine hata basi linatushinda. Jana limeniacha Korogwe. Konda katangaza dakika kumi za kula, nimeingia chooni, natoka na chipsi zangu mkononi naona taa za nyuma. Nimekimbia mpaka chipsi zikaisha njiani. Kampuni siitaji, mnaijua, ile yenye mziki mkubwa kuliko injini.

Nai_Flani: Umeacha basi ama basi limekuacha? 😂

Mtoto wa Ilala: Naijua hiyo! Mimi walinishusha Chalinze eti siti yangu imeuzwa mara mbili, wakaniweka kwenye ndoo karibu na dereva mpaka Segera.

Kampala Kwetu: Ndoo yenye mfuniko au bila?

Binti Saida: Chipsi Korogwe siku hizi bei gani? Mara ya mwisho waliniuzia zimelala.

Mleta mada: Basi endeleeni. Nimefika nyumbani, umeme hakuna.

Abiria Sugu: Binti Saida achana na bei. Begi langu limeenda na basi mpaka Dar na konda hapokei simu. Aliye karibu na stendi ya Mbezi anisaidie: begi la kijani, zipu imefungwa kwa waya, ndani kuna samaki wa kukaanga wa shemeji.

Nesi wa Usiku: Nipo Mbezi. Basi rangi gani?