Mahameli ya nyanya: ni hariri kweli, na itashonwaje?

BintiKuze

Salaam aleikum jamani, naomba msaada kwa wanaojua vitambaa.

Nyanya yangu kafungua kasha lake juzi, akanitolea kipande cha mahameli rangi ya damu ya mzee, akasema kakangu ashonewe kizibao cha harusi. Ni mita mbili na ushee, upana sentimita 56 tu. Aliletewa na ami yake, nahodha wa jahazi, kutoka Bombay kabla hajaolewa, na yeye ashika ni hariri tupu. Nikakipeleka Biashara Street nitafute bitana ya kwenda nacho. Muuzaji mmoja akakigusa, akacheka: "Dada, hii na yangu ni moja tu, mia sita mita." Nilirudi mnyonge, na nyanya sijamwambia.

La pili, mwaka jana tulishonesha mito kumi ya mahameli ya kijani. Ilipokuja, sita imekoza na minne imepauka. Tuligombana na aliyetuuzia kitambaa, tukidhani alichanganya majora. Naogopa yasinikute tena.

La tatu ni aibu yangu mwenyewe. Nilitia pasi pembe moja ili makunyanzi yatoke. Sasa pana alama ya ncha ya pasi, yang'aa kama kioo. Inatoka?

FundiKibokoni

Waaleikum salaam mwanangu. Nashona tangu enzi za cherehani ya mkono, na hakuna kitambaa kilichonitia hasara kama mahameli. Nitaanza na mito.

Aliyewauzia kitambaa cha mito mwombeni radhi. Pitisha kiganja juu ya mahameli kama unayempapasa paka: upande mmoja yateleza, upande wa pili yakataa. Hayo ni manyoya, nayo yamelala. Yakitazama juu, mwanga wazama ndani na rangi inakoza. Yakitazama chini, mwanga warudi machoni na rangi inapauka. Fundi wenu alipanga vipande kichwa kwa miguu ili kitambaa kimtoshe. Kwa poplini huo ni ujanja, kwa mahameli umeharibu. Mimi nikipokea mahameli, kabla ya mkasi nachora mishale ya chaki mgongoni mwa kitambaa, yote upande mmoja, na mwenye nguo namwambia mapema alete ziada. Kizibao nakikata manyoya yakipanda, kipate kukoza. Mto wa kukaliwa, heri yashuke.

Sasa hariri. Nyanya na yule wa Biashara Street hawabishani juu ya kitu kimoja. Mahameli si jina la uzi, ni jina la ufumaji. Kitambaa cha kawaida kina mtande, nyuzi za urefu, na mshindio, nyuzi za upana, basi. Mahameli ina mtande wa pili, unaopandishwa juu ya vijiti vyembamba vya chuma ukafanya vitanzi. Kisu kikipita juu ya kijiti, vitanzi vinakatika vikawa manyoya. Visipokatwa, ni mahameli ya vitanzi, ambayo mkononi ina ukavu fulani. Mtande huo wa juu unakula uzi mara kadhaa kuliko wa chini, kwa hiyo ukiwa wa hariri, mwenye kuvaa lazima awe na chake. Viwandani hufuma vitambaa viwili uso kwa uso, manyoya yakiwa katikati, na kisu kinavipasua: mahameli mbili kwa kazi moja.

Uzi waweza kuwa hariri, pamba au poliesta, na yote ni mahameli. Ile ya pamba tupu ambayo manyoya yake yametoka kwenye mshindio ina ndugu yake, suruali nene za mistari tulizovaa utotoni. Ile ya kuvutika wanayoshonea magauni ya kubana imeundwa kwa vitanzi kama fulana, mimi siiti mahameli, wanisamehe wenye maduka. Na ile yenye maua yanayopenya mwanga hupakwa dawa kali inayokula manyoya ya pamba au rayoni, ikaacha kitambaa cha chini.

Upana wako wa sentimita 56 wanipa moyo, maana majora mengi ya leo huja inchi 58 au 60. Lakini usiniamini mimi, uamini moto. Ukingoni chomoa manyoya kidogo, kisha chomoa uzi wa chini, uchome mbalimbali. Hariri hunuka nywele zilizoungua na jivu lake husagika. Pamba huwaka kama karatasi. Poliesta huyeyuka ikafanya kijiwe kigumu.

Na pasi inategemea jibu hilo hilo. Kama ni poliesta, manyoya yameyeyuka yakashikana, hakuna dawa. Kama ni hariri yamelala tu. Chemsha birika, shika kitambaa mgongo wake ukiuelekea mvuke, kisha yainue kwa brashi laini. Pasi usiiguse tena!

Yakhe_wa_Bondeni

Kizibao cha mahameli, Mombasa hii, na harusi kama ni Februari? Bwana harusi mtamwopoa na beseni.

MstaafuMtwapa

Kuna watu hapa walivaa zaidi ya hivyo, yakhe. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, mfalme wa huko alimpokea amevaa joho la damaski lenye pindo la atlasi ya kijani. Wareno walipoipora Mombasa Agosti 1505, mmoja wao, Hans Mayr, aliandika kwamba walikuta nguo za hariri na zari, na zulia moja zuri mno wakampelekea mfalme wao Ureno. Mapwani haya yalijua kitambaa kizuri kabla ya maduka ya Biashara Street.

Mahameli zilizovuma kwa hariri zilikuwa za Bursa kwa Waturuki, Kashan kwa Waajemi, na Venice, Genoa na Florence kwa Wataliano. Venice kiwanda cha Luigi Bevilacqua bado kinafuma kwa mkono kwa mitambo ya karne ya 18, na mahameli ya maua huenda kama sentimita 30 kwa siku. Mita mbili za nyanya, kwa mwendo huo, ni wiki nzima.

MamaZuhura

Naongeza la Afrika, maana jirani yangu Mkongomani alinionyesha chake nikakaa kimya. Wakuba, kabila la Kasai huko Kongo, hufanya manyoya kama hayo kwa nyuzi za majani ya mwale, mti wa jamii ya mitende. Wanaume hufuma kitambaa, wanawake hupenyeza uzi kwa sindano na kuukata juu kwa kisu kidogo. Hakuna fundo, unashikwa na kubanwa tu. Ukigusa utadhani ni ya duka.

BintiKuze

Nimechoma! Manyoya yamenuka nywele, jivu likapukutika vidoleni. Uzi wa chini ukawaka kama karatasi. Nyanya alisikia harufu akaja jikoni kuuliza nani anababua kuku, ikabidi niseme yote, na ya muuzaji pia. Kasema nikamwite aje anuse mwenyewe.

Fundi, hii maana yake nini? Alama ya pasi imenyanyuka kwa mvuke, imebaki kama ukucha.

FundiKibokoni

Manyoya ya hariri juu ya pamba. Ilikuwa desturi, hariri ikae inapoonekana na pamba ishike kazi. Nyanya hakukosea, ila si hariri "tupu."

Lete Jumamosi baada ya adhuhuri, na kakako aje nimpime. Usikikunje, kizungushe. Hiyo ya ukucha tutaificha chini ya kwapa.