Mwaka wa kujitolea wameuita "pengo", msaada jamani

Kutoka: Binti wa Muheza (Niedersachsen)

Habari zenu wanajumuiya, poleni na baridi. Nimetoka ABH (ofisi ya wageni) sasa hivi, niko kwenye basi naandika kwa simu mtanisamehe. Nilienda na faili langu zima la Niederlassungserlaubnis (kibali cha kuishi cha kudumu), Ausbildung (mafunzo ya kazi) ya Pflege, yaani uuguzi, nimemaliza 2023, kazi ninayo, B2 ya Kijerumani ninayo, Mietvertrag (mkataba wa nyumba), kila kitu. Yule mama akafungua Versicherungsverlauf yangu, ile orodha ya michango ya pensheni, akaweka kidole pale 2019 akasema hapa kuna pengo la miezi saba, ulikuwa unafanya nini Ujerumani? Nikamwambia nilikuwa najitolea nyumba ya wazee, nilikuja nikiwa mwaka wa pili chuo nikaahirisha masomo. Akaniangalia weee. Akasema kujitolea sio jibu, lete karatasi.

Sasa karatasi ndio shida yenyewe. Ile nyumba imeuzwa, mwenye mpya anasema mafaili ya zamani hana. Nimebaki na zeugnis (barua ya tathmini ya kazi) ya ukurasa mmoja ambayo hata kuionyesha naona aibu. Naomba kuuliza, nani alishawahi kufuatilia miezi ya BFD iliyopotea (au FSJ, zote ni mipango ya kujitolea ya huku, sikumbuki vizuri ipi, barua zilikuwa zinafanana)? Niandikie RV (bima ya pensheni), Träger (shirika linalosimamia wanaojitolea), au nani? Nimepewa wiki nne.

Re: Kaka Mkubwa, Kassel

Pole mdogo wangu. Hao ndio zao, usilie. Mimi nilikuja 2014 kwa weltwärts ile ya Süd-Nord, mpango wa kuleta vijana wa kwetu kujitolea Ujerumani, ilikuwa haijamaliza hata miaka miwili tangu ianze. Nilikuwa nasoma uchumi nyumbani, nikapelekwa karakana ya watu wenye ulemavu, wanafunga vibanio vya nguo kwenye pakiti, ishirini ishirini. Wiki ya kwanza nilimwambia mama kwenye simu nimekuja Ulaya kuhesabu vibanio. Ila kuna jamaa mmoja pale, haongei kabisa, kila saa nne asubuhi analeta kikombe chake anakiweka mbele yangu anasimama. Ilinichukua miezi miwili kuelewa hataki chai, anataka nikae naye wakati yeye anakunywa ya kwake. Nilipoelewa hilo ndio nikaacha uchumi. Leo ni Heilerziehungspfleger (mlezi wa watu wenye ulemavu) mwaka wa saba, na kila interview wananiuliza habari za Ausbildung mimi nawapa hadithi ya kikombe.

Kuhusu swali lako, mimi sikupotelewa na miezi yoyote kwa hiyo sijui. Jaribu Träger.

Re: Re: Mama Kisauni, Hamburg

Hamjambo. Kaka Mkubwa, kwa heshima yako yote, usimpoteze mtoto. weltwärts ni mpango, lakini mkataba wa chini yake kwa wengi wenu ni BFD hiyo hiyo. Na BFD si FSJ! Kila mwaka twarudia maneno haya haya humu. BFD mkataba watiwa saini na Bund (serikali kuu), yaani ofisi yake ya BAFzA kule Köln. FSJ ni Träger. Mwanangu, kabla hujaandika barua hata moja tafuta ule mkataba uangalie juu kulia pameandikwa nini. Ukikosa mkataba angalia hata email za 2019. Halafu RV kuna fomu ya Kontenklärung (kuweka sawa rekodi ya pensheni), V0100, wewe wajaza, wenyewe wakutafutia.

Na wewe unayesema "najitolea" mbele ya afisa, usiseme hivyo tena. Sema "Bundesfreiwilligendienst, sozialversicherungspflichtig", yaani BFD yenye bima za lazima. Michango ya Rente (pensheni) mwenye nyumba ya wazee alitakiwa alipe kila mwezi. Kama hakulipa hilo ni lake, si lako.

Re: Re: Re: Msee wa Leipzig

Mama Kisauni amesema ukweli lakini mnasahau kitu, kwa 18c, kile kifungu cha kibali cha kudumu cha wenye ujuzi, mtu aliyefanya Ausbildung hapa anahitaji miezi 24 tu ya Rente, sio 60. Huyu dada ana miaka mitatu ya Ausbildung plus kazi, hiyo BFD haihitajiki kabisa. Huyo afisa anamhangaisha tu.

Re: Re: Re: Re: Kaka Mkubwa, Kassel

Soma vizuri bwana. Afisa hajasema miezi haitoshi, amesema kuna pengo. Anataka kujua alikuwa anafanya nini. Ni vitu viwili. Na 18c unahesabu pia miaka miwili ya ile title (kibali) ya kazi baada ya Ausbildung.

Re: Msee wa Leipzig

Sawa mkubwa, nimesoma. Lakini wacha niseme ile inaniuma. Kuna Mjerumani nafanya naye kazi, alienda Kisumu mwaka mmoja baada ya Abi (mtihani wa kumaliza sekondari), akacheza na watoto, akapaka rangi darasa moja, akarudi. Mpaka leo kwenye CV yake imekaa juu kabisa, interkulturelle Kompetenz, yaani ujuzi wa tamaduni, boss akimpresent kwa wageni anataja Kenya. Mimi nimefanya mwaka wangu kwa Kita (chekechea) huku, watoto 22, nimefuta pua zote hizo, nimejifunza kubembeleza mtoto kwa Kisaksoni, na mtu wa HR ananiuliza "na kabla ya hapo ulikuwa na kazi ya kweli?" Mwaka ni ule ule. Yeye amekua, mimi nina pengo.

Alafu huko nyumbani wanatuuza tu. Septemba 2024 Ruto alikuja Berlin wakasaini yale makubaliano, redio zikatangaza nafasi 250,000, wizara ya hapa ikatoka hadharani ikasema hakuna namba kama hiyo. Binamu yangu alikuwa ashaanza kuuza ng'ombe.

Re: Re: Mchagga Aliyerudi, Moshi

Bado nipo kwenye list hii japo nimerudi, nawasoma kwa raha. Mnalalamika huko? Njooni huku. Mimi nilifanya mwaka wangu kijiji kimoja Bavaria, hospitali ndogo, nikarudi kumaliza chuo. Kwenye interview ya kwanza nikaweka cheti mezani, mzee akakisoma akauliza, "Ulilipwa?" Nikamwambia posho. Akasema basi ulikuwa unajitolea. Na bongo mnajua kujitolea maana yake nini, ni mwalimu mwenye digrii anafundisha shule ya kata bure mwaka wa tatu akisubiri ajira portal. Ukisema umejitolea mtu anakuonea huruma, anadhani ulikosa kazi Ulaya pia.

Kilichonisaidia mwishowe sio cheti. Ni kwamba nilizoea kuandika kila nilichofanya kabla ya kuondoka zamu, mgonjwa amekunywa maji kiasi gani, amegeuzwa saa ngapi. Hapa nilipo sasa wananiita "bwana daftari", walinicheka, na ndio huyo huyo wamempa usimamizi wa zamu.

Re: Mama Kisauni, Hamburg

Binti wa Muheza, hiyo zeugnis yasemaje hata uone aibu?

Re: Re: Binti wa Muheza

Shikamoo mama. Imeandikwa "Sie hat sich stets bemüht". Mimi nilielewa "alijitahidi siku zote". Nilifurahi sana, nikaipiga picha nikamtumia mama yangu, akaisomesha kwa mchungaji. Miaka miwili baadaye ndio mwalimu wa Berufsschule (shule ya Ausbildung) akaniambia kwa upole maana yake hakuweza kazi. Nililia chooni. Maana nilikuwepo pale Machi 2020 walipofunga milango wageni wasiingie, mimi ndio nilikuwa nashika tablet babu mmoja aongee na binti yake, anaongea Plattdeutsch mimi sielewi hata neno, mkono unauma lakini siushushi. Usiku ule ndio niliamua Pflege. Kwenye zeugnis hakuna tablet.

Re: Re: Re: Mchagga Aliyerudi, Moshi

Pole sana dada. Lakini hebu fikiria, hata Kiswahili kinafanya hivyo hivyo. Mtoto akileta ripoti imeandikwa "amejitahidi" si tunajua kashika mkia?

Re: Re: Re: Re: Kaka Mkubwa, Kassel

😂😂 Kweli kabisa. Ila sasa Ausbildung walikupaje na zeugnis hiyo?

Re: Binti wa Muheza

Yule dada mkuu wa wodi alimpigia mwenzake simu. Dakika tano. Hakuna aliyeisoma.

Re: Msee wa Leipzig

Hapo sasa. Na ukipata hiyo Niederlassung uende straight kwa uraia, miaka mitano siku hizi. Ah, pole, nyinyi Watz mnapoteza pasipoti. Sisi tangu katiba ya 2010 tunakaa na zote mbili 😎

Re: Re: Kaka Mkubwa, Kassel

Usianze. Wazazi wetu wako kule, viwanja viko kule, halafu tunaambiwa tuchague. Ati hadhi maalum ya diaspora, hadhi maalum, mimi nataka pasipoti yangu na kaburi langu Songea, basi.

Re: Re: Re: (jina limefichwa)

Naombeni mnitoe kwenye list hii. Nimeomba mara tatu.

Re: Mama Kisauni, Hamburg

Mwanangu usipotezwe na siasa zao. Ule mkataba umeuona? BFD au FSJ? Pasi na hilo hatuwezi kukusaidia.

Re: Re: Binti wa Muheza

Bado mama, nadhani uko kwenye begi nililomwachia rafiki yangu Osnabrück na yeye yuko Tanga mpaka tarehe 20. Nimempigia anasema ufunguo wa stoo anao yeye. V0100 nimepakua, swali la tatu tu limenishinda.

Re: Re: Re: Kaka Mkubwa, Kassel

Kama yuko Tanga mwambie aje na dagaa. Nina kilo tatu za nafasi nalipia mimi.

Re: Re: Re: Re: Mama Kisauni, Hamburg

Na ubuyu.