Domeni zangu: niuze mwenyewe au nimpe dalali?

Kijana_wa_Ntinda: Habari za jioni wakubwa. Nina domeni (majina ya tovuti) sita, nne za .com na mbili za .co.ug, yaani za Uganda. Nazilipia kila mwaka tangu 2017, zimekaa tu. Juzi mtu kaniandikia kuulizia bei ya moja ya .com, jina fupi la mambo ya kahawa. Wiki hiyo hiyo dalali wa Marekani naye kasema nimwachie zote, achukue asilimia 20. Nifuate lipi?

MamaKato_Jinja: Mteja keshabisha hodi mwenyewe, dalali amtafute nani tena? Akitoa dola 2,000, mia nne zinakwenda bure. Tumieni Escrow.com: anaweka pesa kwao, unahamisha domeni, akithibitisha ameipata ndipo unalipwa. Usihamishe kabla hujaambiwa pesa imeingia.

OkeloTech: Nakubali nusu, mama. Mimi niliuza mwenyewe. Mtu kauliza bei, nikajibu dakika ile ile: "Dola 500 tu bosi." Akakubali bila kupunguza hata senti. Banange! Aliyezoea kununua soko la Owino anajua maana yake: bei ilikuwa chini mno. Baadaye nikaona jina langu kwenye magari ya kampuni yenye matawi nchi tatu. Dalali angekaa kimya siku mbili kwanza, na angejua anaongea na nani.

Mzee_wa_Seva: Kuna njia ya katikati. Zile .com tatu zilizobaki ziweke Sedo au Afternic, masoko ya domeni mtandaoni, panga bei yako, wakate kamisheni zikiuzwa. Afternic iko chini ya GoDaddy, kampuni kubwa ya kuuza domeni, kwa hiyo jina linaonekana na watu wengi wanaotafuta domeni. Za .co.ug usiwasumbue nazo. Mnunuzi wake yuko hapa hapa Kampala, mpigie simu.

Madalali wakubwa wana soko lao. Voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019. Jina la dola elfu moja wengi wao hawalijibu hata imeili. Ndiyo maana huyo wa "niachie zote" ananitia shaka. Kaomba chochote mapema?

Kijana_wa_Ntinda: Anataka kwanza nilipie cheti cha thamani, dola 90, kwenye tovuti aliyonitajia yeye.

MamaKato_Jinja: Ssebo, huyo si dalali! Tovuti ya cheti ni yake au ya mwenzake. Ukilipa tu humwoni tena.

Wakili_Mbarara: Siku ukipata wa kweli, soma muda wa mkataba. Wengi hutaka wawe peke yao kwa miezi kadhaa, na ukiuza mwenyewe katikati bado wanadai chao. Andika humo kwamba mteja aliyekuja kabla yao hahesabiki.

Kijana_wa_Ntinda: Asanteni. Wa cheti nimemfungia. Yule wa kahawa nimemuuliza yeye anaweka ngapi. Kimya tangu asubuhi, nimwandikie tena?

OkeloTech: Zima simu ulale.