Mwalimu mkuu mpya, walimu wamenigomea kimyakimya. Nikaze au nilegeze?

MwalimuWaKijijini:
Wanajamvi, habari za jioni. Huu ni mwezi wangu wa nne kama mwalimu mkuu wa shule ya msingi kijijini. Wanafunzi 640, walimu 9 pamoja na mimi.

Wiki ya kwanza nilimwita mtoto wa darasa la nne anisomee ukurasa wenye picha. Akausoma wote bila kukwama. Nikafunika picha kwa kiganja, akanyamaza. Kumbe amekariri! Nikaita wengine kumi, waliosoma kweli ni watatu. Usiku ule sikupata usingizi.

Basi nikatangaza kwenye kikao kimoja: mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio saa 1:15 (anayesaini chini yake amechelewa), maandalio ya somo mezani kwangu kila asubuhi, na nusu saa ya kusoma kila siku baada ya paredi. Sasa nikiingia ofisini mazungumzo yanakatika. Mwalimu wa taaluma, mwenye miaka 19 pale, hunijibu "sawa mkuu" basi. Maandalio naletewa, ila ni ya mwaka jana yamebadilishwa tarehe. Afisa Elimu Kata anasema nikaze uzi. Nisaidieni.

MstaafuWaChaki:
Mwanangu, nimeongoza shule tatu. Kukagua maandalio ni kazi ya mwalimu wa taaluma, nawe umempokonya mbele ya wenzake. Mrudishie. Mdhibiti ubora wa shule (mkaguzi) akija atayakuta yamekaguliwa. Halafu mambo matatu kwa mpigo ni mengi. Shika hilo la kusoma, ndilo lililokunyima usingizi.

Ticha_Masika:
Mimi nimewahi kupigwa huo mstari mwekundu. Nyumba za walimu zilikuwa mbili, mimi nimepanga kilomita 7, na masika bodaboda haipiti mtoni. Mkuu hakuniuliza hata siku moja. Aliyemfuata aliuliza, akapanga ratiba upya, wa mbali tusiwe na kipindi cha kwanza. Nilimfanyia kazi mpaka Jumamosi. Na tuseme ukweli, wewe una posho ya madaraka, 200,000 kwa mwezi. Wao wanaongezewa kazi tu.

MamaKKK:
MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, mnafanya? Jumuiya ya ujifunzaji ni ya walimu wenyewe, usiigeuze ukaguzi. Kipindi cha kwanza fundisha wewe, darasa la pili, wenzako wakae nyuma na daftari wakukosoe. Safari ya pili mpe mwalimu wa darasa la kwanza aonyeshe anavyofundisha silabi. Kuna walimu wa madarasa ya juu hawajawahi kufundishwa namna ya kumfundisha mtoto kusoma, na wanaona aibu kusema.

Mzazi_Mjumbe:
Nipo kamati ya shule. Angalieni na uji. Mtoto aliyetoka kwao bila kitu tumboni hizo silabi hazikai.

MwalimuWaKijijini:
Shikamoo mwalimu mstaafu. Nimesoma yote, la mwalimu wa taaluma limenichoma. Kikao kile sikumpa hata nafasi ya kuzungumza. Ticha, nyumba kwetu ni moja, nami ndiye ninayekaa. Kesho naanza kuuliza nani anatoka wapi. Ila radhi nimwombe faragha au mbele ya wenzake?

MstaafuWaChaki:
Marahaba. Nenda kwake jioni hii, usimwite ofisini. Mwonyeshe ile orodha ya watoto kumi na mmoja, mwulize yeye angeanzia wapi. Kikao kijacho ajenda ya kusoma aiendeshe yeye, na hapo ndipo useme mbele ya wote kwamba ulikosea.