Binti yangu kapata 10/10 ya huduma ya kwanza, shule hiyo hiyo ikampaka dawa ya meno alipoungua

Wakuu, habari za jioni. Uzi ni mrefu na nimeuandika nikiwa na hasira, mwenye kutaka mafupi apite tu. Mods, naomba msiuunganishe na ule wa michango, hii ni habari nyingine.

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ilemela upande wa ziwani, kazi yangu ni dagaa pale Mwaloni Kirumba. Shule sitaitaja. Ni ya msingi, ya serikali, na ukisimama uwanjani kwao ziwa unaliona. Binti yangu yuko darasa la sita, humu nitamwita Minza.

Alhamisi ya wiki iliyopita, saa nne, muda wa uji. Watoto wakubwa ndio wanaobeba ndoo kutoka jikoni kupeleka madarasani, wawili wawili, mti umepitishwa kwenye mkono wa ndoo. Mwenzake akajikwaa. Uji wa moto unavyojua kung'ang'ania ngozi, ukamwagikia Minza kuanzia goti hadi unyayo. Kutoka pale alipoangukia hadi kwenye bomba ni hatua kumi. Nimekwenda kuzihesabu mwenyewe. Kumi.

Wakamnyanyua, wakapita naye mbele ya bomba, wakampeleka ofisini. Mwalimu wa zamu akamtuma mtoto dukani akanunue dawa ya meno. Wakampaka mguu mzima mpaka ukawa kama ukuta uliopigwa chokaa. Soksi hawakuivua. Akaambiwa akapumzike darasani, na saa nane akarudi nyumbani kwa miguu anachechemea, wenzake wawili wamembebea begi.

Zahanati nesi alitumia karibu saa nzima kuondoa ile dawa ya meno iliyokaukia juu ya malengelenge. Sitaelezea. Mtoto alilia mpaka sauti ikakatika. Nesi akaniuliza, "Mama, walimmwagia maji?" Nikamwambia sikuwepo, ila naona hawakummwagia. Akatikisa kichwa. "Maji ya bomba tu, dakika ishirini, na soksi inatolewa humo humo kwenye maji. Kisha unafunika na kitambaa safi, unamleta. Basi." Hakuna mafuta, hakuna yai, hakuna unga wa ngano, hakuna dawa ya meno. Maji.

Jumapili nikawa nasafisha begi lake maana uji uliingia mpaka ndani. Nikatoa madaftari niyaanike. La sayansi likafunguka lenyewe kwenye zoezi la mwezi uliopita: "Taja vifaa vitano vinavyopatikana katika sanduku la huduma ya kwanza na ueleze kazi ya kila kimoja." Binti yangu kaandika bandeji, mkasi, plasta, spiriti, wembe mpya. Kila kimoja na kazi yake, mwandiko wa kupendeza. 10/10. Vema sana, kwa wino mwekundu. Ukurasa wa pili kuna maana ya huduma ya kwanza, mistari mitatu, nayo imepata vema.

Nikamuuliza, Minza, bandeji umewahi kuishika? Akasema, "Nimeiona kwenye picha, mama."

Hapo ndipo nilipovuliwa ustaarabu.

Jumatatu saa mbili nilikuwa ofisini. Mwalimu wa zamu wa siku ile, dada mdogo tu, ana adabu zake, akaniambia, "Mama Minza, hatukumwacha hivi hivi, tulimpa huduma ya kwanza." Nikaomba nionyeshwe sanduku. Lipo! Ukutani, jeupe, lina msalaba mwekundu uliochorwa vizuri. Lina kufuli. Ufunguo alikuwa nao mwalimu ambaye alishahama. Mlinzi akaja na msumari akalifungua mbele yangu, na ndani mlikuwa na maboksi mawili ya chaki, daftari la mahudhurio la zamani na mende. Mwalimu mkuu akaanza kunieleza habari za ruzuku na kwamba shule haina fungu.

Mkuu wangu, bomba lina fungu gani? Hatua kumi zile zinahitaji bajeti ya halmashauri?

Na hapa ndipo naomba tuelewane, maana najua kuna watu watakuja na "walimu wana hali ngumu". Naijua hali yao, dada yangu wa tumbo moja anafundisha Sengerema na darasa lake ukiingia hutajua wapi pa kukanyaga. Yule dada wa zamu sina kinyongo naye. Alimpaka mwanangu dawa ya meno kwa sababu na yeye alipokuwa darasa la sita alitaja vifaa vitano akapata vema. Hakuna siku mtu alimshika mkono akamwambia weka hapa chini ya bomba, hesabu dakika. Na kesho Minza angekuwa mwalimu, angempaka mtoto wa mwenzie vivyo hivyo.

Sasa ngoja niwape kingine, hiki ndicho kinachonikata kabisa.

Mnajua kichocho kwetu huku si hadithi. Kila inapofika zamu ya kugawa dawa, watoto wanapangwa mstari, wanapimwa urefu kwa ile fito yenye alama, fito inasema vidonge vingapi, wanakunywa. Jambo zuri, sina ugomvi nalo. Binti yangu anajua mzunguko wote wa kichocho kwa kichwa: mkojo au kinyesi kinaingia majini, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinaingia kwa konokono, vinatoka, vinapenya ngozi ya mtu aliyeingia majini. Anachora na mishale. Halafu siku ya usafi, bomba likikatika, watoto hao hao wanaambiwa kila mmoja aje na kidumu, wanashuka ziwani, wanaingia mpaka magotini penye majani na konokono wenyewe, peku, wachote maji ya kudekia darasa ambalo ubaoni kumechorwa konokono. Nilimuuliza Minza, mwanangu, hukuona kwamba ndiyo yale mliyosoma? Akaniangalia kama nimeuliza swali la mtego. "Mama, yale ni ya sayansi."

YALE NI YA SAYANSI. Mtoto hana kosa. Ndivyo alivyofundishwa, kwamba ya daftarini yana dunia yake.

Na kuogelea je? Watoto wetu wamezaliwa na ziwa mlangoni. Mwaka 1996 tarehe 21 Mei meli ya MV Bukoba ilizama karibu kabisa na kufika hapa Mwanza, wakubwa mnakumbuka Uwanja wa Nyamagana ulivyokuwa siku zile. Mwaka 2018, 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kikapinduka kule Ukara kikiwa kinakaribia kutia nanga, wakafa watu zaidi ya 200. Nchi kavu unaiona! Tukaomboleza, tukatoa rambirambi, shule zikaendelea na notisi. Kwenye shule ya Minza kanuni kuhusu ziwa ni moja tu: atakayekutwa ziwani viboko. Basi wanakwenda kwa kujificha, pale mwalimu asipowaona, na mtu mzima mwingine yeyote asipowaona pia.

Sidai bwawa la kuogelea la vigae. Nasema mtoto afundishwe kulala chali majini asipapatike. Aambiwe mwenzake akizama asimrukie, maana atashikwa shingo wazame wote; arushe kamba, anyooshe mti, atupe dumu tupu la lita 20 lililofungwa mfuniko, mtu akilikumbatia linamwelesha. Haya kila mvuvi wa dagaa anayajua. Pale ufukweni wamejaa wazee wanaoshinda wakishona nyavu mchana, ukiwaomba saa moja kwa wiki mbele ya mwalimu hawakatai. Nani amewaomba?

Tatizo lingine ni kwamba shuleni kazi ya mikono ni adhabu. Umechelewa, ufyeke. Umepiga kelele, udeki choo. Umefeli jaribio, kachimbe shimo la taka. Halafu mnashangaa kijana anamaliza kidato cha nne hataki kushika jembe wala spana, anasema yeye amesoma. Atashikaje? Miaka saba kaonyeshwa kwamba jembe ni la waliokosea.

Mimi nimemaliza la saba mwaka 1994, nisijifanye kwamba zamani ilikuwa peponi. Tulikuwa na Sayansi Kimu, nikajifunza kushona kifungo, kupika uji usio na mabuje, kukata kucha za mdogo wangu. Tulikuwa na shamba la pamba la shule pia, na pamba ile tuliipalilia na kuichuma, na pesa yake hatukuiona hata ya peremende. Alhamisi tulipeleka kuni nyumbani kwa mwalimu, hiyo nayo iliitwa elimu ya kujitegemea. Mwalimu Nyerere aliiandika Machi 1967 akitaka shule iwe sehemu ya maisha ya kijiji, si vitabu tupu, na mwaka 1974 likaja Azimio la Musoma, hapa hapa kando ya ziwa letu, likasisitiza elimu iende na kazi. Katikati ya karatasi na shamba ikageuka kuwa vibarua wa bure. Kwa hiyo wazazi wa rika langu wakisikia "stadi za kazi" wanashika kiuno, siwalaumu.

Ndiyo maana hata hii elimu ya amali, yaani ya ufundi na kazi za mikono, inanipa wasiwasi. Mtaala mpya ulianza Januari 2024 kwa baadhi ya madarasa, sera ya elimu toleo la 2023 ikazinduliwa Dodoma Februari 2025 kwa shangwe. Mkondo wa amali, vizuri sana, naunga mkono mikono miwili. Lakini kama sanduku la huduma ya kwanza lilipokelewa likatiwa chaki, karakana nayo itatiwa nini? Nawaona kabisa: "Taja aina tano za randa na ueleze kazi ya kila moja." 10/10.

Na mtihani ndio unaolinda mambo haya. La saba wanasiliba, yaani wanatia kivuli kwenye herufi ya jibu, tangu 2012. Mtoto asilibe A, B, C, D, E, mashine isome, shule ipande kwenye orodha ya wilaya, mwalimu mkuu apumue. Hakuna mashine inayosoma kama mtoto anajua kufunga jeraha. Kwa hiyo halifundishwi, na ukiuliza unaambiwa "mada tumeimaliza tangu Machi". Kumaliza mada! Kama wanamaliza chungu cha makande.

Niseme kidogo la pesa halafu niwaache. Mtoto wa kaka yangu kamaliza kidato cha nne, hesabu kapata C, riba anakokotoa. Akachukua bodaboda ya mkataba, ile ya kulipia kidogo kidogo mpaka iwe yako, kila siku anapeleka hesabu kwa tajiri mkononi, hana karatasi, hana risiti, hana hata meseji. Miezi kumi baadaye tajiri akasema hesabu hazijatimia, pikipiki ikarudi kwa mwenyewe. Mkataba ulikuwepo, kwa Kiswahili, kurasa mbili, kausaini akiwa juu ya pikipiki. Na dada zake wawili wanalipa kausha damu: umepewa laki moja, unarejesha 5,000 kila siku kwa siku 30. Nilimpa Minza hilo kama swali akiwa kalala na mguu wake juu ya mto. Akapiga, laki na nusu. "Kumbe wanachukua nusu, mama? Kwa mwezi mmoja?" Dakika mbili zilimtosha. Shuleni wanampa hesabu ya Juma aliyenunua machungwa.

Najua atakuja mtu kusema hayo ni ya mzazi kufundisha nyumbani. Sawa. Mimi Mwaloni nafika saa kumi na moja alfajiri kupokea mzigo, narudi giza. Shule inakaa na mwanangu mchana kutwa siku tano. Kuanika dagaa kwenye chanja badala ya mchangani nimemfundisha, na anajua kwa nini wa chanja wana bei. Kuungua kaungulia kwenu, jamani, si kwangu.

NYONGEZA, saa nne usiku: asanteni kwa pole. Mkuu aliyeuliza kama nitashtaki, hapana, nesi kasema atapona, kovu litabaki kwenye kifundo. Aliyeniambia nimhamishie shule ya kulipia, mkuu, ungekuwa unanilipia ningekuitikia.

Ijumaa saa tatu kuna kikao cha wazazi. Nimeomba dakika kumi kwenye ajenda ya mengineyo, mwenyekiti wa kamati kakubali shingo upande. Nitaanzia nje, pale bombani, niwahesabie zile hatua. Nesi wa zahanati kasema Ijumaa yuko zamu hawezi kuja. Kama humu kuna nesi, daktari au mtu wa Msalaba Mwekundu aliyepo Mwanza na Ijumaa asubuhi ana nafasi, anifuate inbox. Nauli ya daladala na chai juu yangu, na dagaa kilo mbili wa chanja.