Naombeni ushauri: mtandao wa shule unayumba kati ya njia mbili, nishike ipi?

Bondeni_Lushoto: Wakuu, habari za leo. Tumeweka rauta ya 4G kilimani, ndipo pekee mnara unaposhika, na repita zinapokezana hadi shuleni bondeni. Njia ziko mbili. Moja ina miruko miwili (kila mruko ni kutoka kifaa kimoja hadi kinachofuata), mmoja wa kilomita 4 ukipita mikaratusi. Nyingine ina minne mifupi. Programu huchagua yenye miruko michache, lakini mvua ikinyesha inahamia ile ya minne, dakika mbili inarudi, inahama tena. Jumatatu watoto wanaanza kuitumia. Nilazimishe ipi? Usingizi sina.

Kipanga: Ya miruko miwili, mkuu. Kila repita ni kitu kingine cha kuharibika.

Mama Zuhura: Sisi Mlalo 2009 tulikuwa na jiwe moja la kushikia mtandao, tunapanga foleni kupiga simu Tanga, na mvua haituondoi. Watoto wapewe vitabu kwanza.

Fundi Waya: Kila repita ina redio ngapi? Chaneli zipi?

Bondeni_Lushoto: Ni mpya kabisa, za nje.

Fundi Waya: Sijauliza upya wake.

Bondeni_Lushoto: Redio moja moja, zote chaneli moja ya 5 GHz. Za redio mbili zilikuwa ghali, na hizi ni hela za wazazi. Nguzo zimesimama, zege limekauka. Hapo sirudi nyuma.

Mzalendo: Michango ya wazazi bila fundi! Mngeandika barua UCSAF, mfuko wa serikali wa mawasiliano kwa wote, mletewe mnara.

Fundi Waya: Kumbe. Kwenye chaneli moja, repita moja ikirusha, za jirani zinanyamaza. Usihesabu miruko, hesabu pakiti, yaani kipande cha data, inarushwa mara ngapi hadi ifike. Watafiti wa MIT walitoa kipimo hicho 2003, kinaitwa ETX. Pakiti 10 zikirushwa mvuani, zinafika ngapi?

Bondeni_Lushoto: Mruko mrefu 5 kwenda, 5 kurudi. Mifupi 9 na 9.

Kipanga: Chai hii! Mtu wa kijijini ana takwimu zimenyooka hivi? Ni kazi ya chuo, anataka tumwandikie.

Bondeni_Lushoto: Kaka, nilikaa juu ya bati na daftari, mvua inaninyeshea. Mimi ni mwalimu wa hesabu, si mwanafunzi.

Fundi Waya: Iwe chuo iwe kijiji, jibu ni lile lile. Pakiti lazima ifike na jibu la kupokelewa lirudi. Mruko mrefu: nusu kwa nusu ni robo, kwa hiyo marusho 4. Mfupi ni 1.23. Njia ya miruko miwili, mrefu 4 na mfupi 1.23, jumla 5.2; ya mifupi minne 4.9. Zimelingana! Hata ukibadilisha programu, mvuani utaambulia moja ya tano ya kasi. Tibu mruko mrefu. Kwa umbali huo, katikati unahitaji uwazi wa kama mita 7 kuzunguka mstari, si kuikwepa ncha ya jani tu. Miti iko wapi?

Bondeni_Lushoto: Katikati kabisa.

Fundi Waya: Ya nani?

Bondeni_Lushoto: Ya baba yangu mkubwa. Alishaniambia mwezi uliopita nisiiguse. Kesho alfajiri naenda tena, na mama.