Tupeane uzoefu: hadithi gani ilikutoa kwenye dhiki, hata kwa usiku mmoja?

Assalaam alaykum. Juzi kwenye boti ya Pemba jamaa kanikuta nasoma hadithi ya majini akanicheka, ati mtu mzima na ndevu zako unakimbia maisha. Nikamwambia ndio nakimbia, kwani weye hiyo mipira unayokesha nayo inakupeleka wapi? Basi naanza mie.

Unguja ilipokaa kiza ile miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, nlikuwa skuli na mzee anauza samaki, friza ikazima changu na pweza wote wakenda kutupwa, nyumbani hakusemeki. Maji nayo hayatoki mana pampu zinataka umeme. Mie najibanza ukumbini na kibatari nasoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, yule bwana anaewachapa manyani wawili kila usiku na huku roho yamuuma, kumbe ni ndugu zake waliogeuzwa. Asubuhi napenga kamasi nyeusi kwa masizi. Lakini baba akigombana na mwenye deni wake pale mlangoni nlikuwa namsikia kwa mbali, kama anasema mtu wa mule kitabuni.

Haya, nanyi semeni.

Mpemba wa Konde: Sisi vitabu wapi yakhe, sisi karafuu. Msimu ukipamba mchana mnachuma, usiku mko jamvini mnachambua, karafuu huku makonyo kule, vidole vinawasha na usingizi unakutia kichwa kwenye lundo. Bibi hagombezi, anasema tu "Paukwa!" sisi "Pakawa!" basi akishaondokea chenjagaa kajenga nyumba kaka, usingizi ushakwisha. Nimekuja kufahamu ukubwani kwamba hadithi alikuwa anaikata makusudi pale inaponoga, malizeni lundo hilo kwanza. Kwa hiyo sijui tulikuwa tunaikimbia kazi au tunafanyishwa hahaha. Na jengine, miaka ile ya foleni za unga na sukari, hadithi zake zilikuwa vyakula vitupu, sultani haowi mpaka bibi amalize kutaja biriani na mkate wa kumimina na kuku wa kupaka, sisi tunameza mate tu. Karafuu zikilipa, harusi ile ile inapita kwa neno moja, wakaoana.

Kijana wa Ng'ambo: Mie Nunda mla watu ndio alonizuia kwenda chooni usiku. Sikutolewa dhiki, niliongezewa. Godoro shahidi.

Mama Wawili: Yangu ya Sultani Darai na paa. Kwa asoijua, maskini anapekua jaani kama kuku, anaokota thumuni, badala ya kununua chakula ananunua paa, na paa huyo anasema. Paa anamuozesha binti sultani, anaua nyoka wa vichwa saba, anampa bwana wake jumba la nyoka lile na mali zake. Halafu paa anaugua na bwana hataki hata kumtizama, anaamuru apewe uji wa mtama, paa anakufa anatupwa kisimani. Usiku bwana kalala ndani ya jumba lake, kuamka yuko jaani anapekua. Ni ya kwetu khasa hiyo, Steere yule padri aliichapa 1870 kwenye hadithi alizozipata kwa watu wa Unguja. Watu wanasema hizi ni ndoto za maskini za kujifurahisha, mie naona alieitunga jaa alilijua vizuri mno.

Sasa mama alilazwa, nikawa nakesha nae wodini, feni haizunguki, maumivu hayampi usingizi, na mie sina la kumfanyia. Nikasema basi nimsimulie kama alivyokuwa akinisimulia. Nikenda vizuri tu, jaa, thumuni, nyoka, nilipofika paa anaumwa nikatizama ile dripu nikaogopa. Nikamponesha. Nikasema bwana mwenyewe akaingia jikoni akampikia uji mzuri kwa mkono wake, paa akanywa akainuka. Kimya, nikajua kalala.

Akafungua jicho moja. "Muongo weye. Paa alikufa. Hebu rudi nyuma usimulie sawasawa."

Nikarudi kwenye uji wa mtama.